Herufi kubwa hazifunzwi kwa kalamu nyekundu

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi kwa gazeti lako, na kama barua itakuwa ndefu nivumilie tu, manake hii kitu imenikaa rohoni muda mrefu. Mimi ni mwalimu, nafunza Gredi ya Tatu hapa Umoja, na kabla ya hapo nimepitia Gredi ya Kwanza na ya Pili, kwa hivyo watoto wa miaka sita mpaka tisa ndio watu wangu, nimekaa nao miaka 16.

Wiki jana asubuhi nilikuwa kwa matatu naenda kazini, redio iko juu, watu wanapiga simu, mada ni vile watoto wa siku hizi hawajui kuandika. Mama mmoja akasema wake yuko Gredi ya Nne na bado anaandika jina lake mwenyewe kwa herufi ndogo. Alafu akaingia mzee mmoja, akasema shida ni walimu, tangu mtaala ubadilike tumelala, ati enzi zake ukisahau kapitali leta, yaani herufi kubwa, kwa insha ya Kiingereza unakula viboko viwili na hausahau tena mpaka kifo. Watu ndani ya matatu wakaitikia ndio, ndio, huyo amesema ukweli. Mimi nilinyamaza nikashuka steji yangu, lakini siku nzima hayo maneno yalikuwa yananizunguka, si kwa sababu ya viboko peke yake, viboko vilipigwa marufuku shuleni tangu 2001 na hiyo tuliimaliza, ni kwa sababu kiboko kilitoka mkononi kikaingia kwa kalamu, na mimi nina mtoto darasani aliyefunzwa kapitali leta kwa hiyo kalamu, na nataka wasomaji wako wajue alitoka nazo vipi.

Alikuja muhula wa pili, wamehamia huku kutoka mtaa mwingine, shule aliyotoka siitaji. Shosho yake, yaani nyanya yake, ndiye alimleta. Akaniambia, "Mwalimu, huyu walisema ni mzito, wewe muangalie tu." Nikamwambia, "Sawa Shosho, hebu nione kitabu chake." Akatoa kwa mfuko wa plastiki daftari la Kiingereza, nikalifungua nikiwa nimesimama hapo mlangoni. Mhariri, kila ukurasa ulikuwa mwekundu. Kila herufi ndogo iliyotakiwa kuwa kubwa imezungushiwa, kila kubwa iliyotakiwa kuwa ndogo imezungushiwa, na pembeni nusu, nusu, nusu, yaani maksi nusu imetolewa kwa kila kosa, chini kabisa sifuri kwa kumi imepigiwa mstari mara mbili. Na insha zenyewe ukizisoma hazikuwa mbaya! Kuna moja alikuwa anaeleza vile walienda na mjomba wake soko la Gikomba kununua viatu vya shule, mvua ikanyesha, maji yakapanda, wakakaa juu ya mzigo wa mitumba mpaka ikaisha. Mtoto wa miaka minane anakueleza kitu kama hicho kwa Kiingereza, lugha ambayo nyumbani hakuna mtu anaiongea, alafu wewe unachoona pekee ni kwamba "gikomba" ina g ndogo.

Siku ya kwanza nikaambia darasa waandike walichofanya Jumamosi. Nikizunguka nikafika kwake, ameandika maneno matatu, "I am well." Nikafikiri ni ugeni. Siku ya pili nikawapea kazi ya kueleza mtu anayempenda, kwake nikakuta tena "I am well." Ya tatu vilevile. Hapo mwanzo wa mstari karatasi ilikuwa imetoboka, ameandika i ndogo akafuta, akaandika kubwa akafuta, akaandika tena, mpaka raba ikala karatasi. Ilinichukua mpaka jioni kuelewa alichokuwa anafanya. Hiyo sentensi haina jina la mtu, haina mahali, haina siku wala mwezi, ina herufi kubwa moja tu, na hiyo moja aliifuta na kuiandika mpaka akawa na uhakika nayo. Alikuwa ametafuta sentensi ambayo kalamu nyekundu haiwezi kumshika na akaipata, na akaamua atakaa ndani yake.

Sasa mniambie huyo ni mtoto mzito? Huyo amefikiria kuliko wengi. Lakini kitu alichofunzwa si kuandika, ni kujificha.

Niliporudia lile daftari la zamani polepole nikiwa nyumbani nikaona kitu kingine. Makosa mengi hayakuwa ya kusahau herufi kubwa, yalikuwa ya kuzidisha. Aliandika "raBBit", "taBle", "DaDDy", "winDow", na hizo B na D zote zimezungushiwa nusu, nusu, nusu. Mwalimu yeyote wa madarasa ya chini angefaa kujua hii maana yake ni nini. Mtoto anachanganya b ndogo na d ndogo, tumbo liko upande gani hajui, na hilo ni jambo la kawaida kabisa kwa umri huo. Lakini B kubwa na D kubwa hazifanani hata kidogo, hauwezi kuzichanganya, kwa hivyo mtoto mwerevu anakimbilia kubwa kila mahali ili asikosee. Ukimwadhibu kwa kapitali leta umemwadhibu kwa ugonjwa usio wake, na ule wake haujaugusa. Dawa yake ni rahisi na haina gharama, kunja ngumi mbili dole gumba ziangalie juu, uzigusanishe vifundo kwa vifundo, unapata kitanda, mkono wa kushoto ndio b, wa kulia ndio d, na neno lenyewe ni "bed". Nilimwonyesha, akawa wakati wa kuandika anakunja ngumi chini ya dawati akidhani simwoni. Wiki tatu B kubwa zikaisha katikati ya maneno, na sikuwa nimemwambia chochote kuhusu herufi kubwa.

Kuna na hili la herufi zenye umbo moja. Angalia C, O, S, V, W, X, Z, kubwa na ndogo ni kitu kimoja, tofauti ni kimo tu. Mtoto akiandika "sunday" na "Sunday" wakati mwingine hata wewe mwalimu huwezi kuapa ni gani ameandika, unabaki kukisia, na ukiwa na madaftari 62 mezani kama mimi na giza linaingia unakisia vibaya. Kwa hivyo hiyo si sheria ya Kiingereza tena, ni mambo ya mkono. Huyo mtoto anahitaji mistari, aone herufi ndogo inaishia hapa katikati na kubwa inafika mpaka dari. Mimi huchora hiyo mistari ubaoni na rula kila asubuhi kabla hawajaingia, na chaki ya rangi kwa ule mstari wa katikati. Inachosha mkono lakini inasaidia kuliko kupiga kelele.

Alafu watu kwa redio wanauliza hawa watoto walitoa wapi hii fujo ya kuandika. Si walitoa hapa hapa Nairobi! Hebu tembea na mtoto kutoka nyumbani mpaka shule usome naye kila kitu njiani. Kibanda cha simu kimeandikwa herufi kubwa tupu, duka la dawa kubwa tupu, bango la kanisa kubwa tupu, lango la ploti USIEGESHE GARI HAPA, kwa ukuta USIKOJOE HAPA, matatu imeandikwa jina lake kutoka bampa mpaka bampa na hakuna herufi ndogo hata moja, na zingine fundi amechanganya kubwa na ndogo kwa neno moja kwa sababu inapendeza. Fomu za serikali zinaagiza mzazi ajaze kwa herufi kubwa, kwa hivyo mtoto amemwona babake akiandika jina lake lote kwa kubwa na huyo ndiye mtu anayemheshimu kuliko wote. Mama akimfunza mtoto jina kabla ya kuanza shule anamwandikia kubwa tupu kwa sababu ni rahisi, mistari imenyooka, na mimi simlaumu, amefanya kazi nzuri. Alafu mtoto anafika kwetu na jina lake ameliweza, anajivunia, na kitu cha kwanza anasikia ni hapana, umekosea. Hata shule zenyewe tunatuma ujumbe kwa grupu ya wazazi WAZAZI WOTE MNAOMBWA KUFIKA, na watoto ndio wanawasomea shosho zao hizo meseji.

Mimi kwa hivyo naanzia kwa jina. Siku ya kwanza ya mwaka sifungui kitabu cha sarufi, nawapea kila mmoja kipande cha katoni, tunaandika jina, herufi ya kwanza ndefu, zingine zinaketi. Nawaambia hiyo ndefu inasimama kwa sababu ni wewe, hakuna mwingine. Tukitoka hapo tunaandika jina la jirani wa dawati, la mama, la mtaa, la steji. Watoto wa Eastlands, hii mitaa yetu ya mashariki ya Nairobi, wanazijua steji kuliko makanga, ukiwaambia wakutajie kutoka Donholm mpaka mjini kwa Jogoo Road wanakutajia Makadara, City Stadium, Muthurwa, na kila steji ni jina, na kila jina linasimama. Kwa wiki moja hatujasema neno "proper noun" hata mara moja na wameshaelewa kazi yake. Jina la kisarufi litakuja tu, halina haraka.

Baada ya jina ninaingia kwa nukta. Herufi kubwa ya mwanzo wa sentensi haiwezi kufunzwa peke yake, ni pacha wa nukta, na watu wengi wanazifunza kama vitu viwili, nukta Jumatatu, herufi kubwa Alhamisi, alafu wanashangaa mbona haziingii. Mtoto asiyejua sentensi yake imeishia wapi atajuaje nyingine imeanzia wapi? Wacha asome kwa sauti alichoandika, pale pumzi inapokatika na maana inapokamilika anapiga nukta na mguu unapiga sakafu, alafu anayefuata anasimama. Ndio, tunapiga sakafu na miguu, mwalimu jirani ameshanilalamikia, lakini mguu unakumbuka kitu ambacho sikio limesahau.

Ile "I" ndiyo huwa inanisumbua roho zaidi, na naona ndiyo watoto wetu wanakosea sana kuliko zote, na sababu iko wazi kabisa ukifikiria Kiswahili. Kwetu sisi mimi ni mimi tu, herufi ndogo katikati ya sentensi, na mara nyingi hata haipo, imejificha kwa kitenzi, nimekuja, nimekula, naenda. Mtoto anatoka kwa lugha ambayo kujitaja ni silabi ndogo ndani ya neno, anaingia kwa lugha ambayo kujitaja ni nguzo imesimama peke yake kila mahali, mwanzo, katikati, mwisho. "My sister and I." Hata sisi Kiingereza chenyewe hakijawahi kutueleza kwa nini, tuliambiwa tu ni sheria. Basi siku moja mtoto akaniuliza, "Ticha, mbona you haina kubwa na I iko nayo, kwani mimi ni mkubwa kukuliko?" Darasa likacheka lakini hilo ni swali la maana na linastahili jibu. Nikawaambia zamani za kale Waingereza walikuwa wanaandika neno hilo kwa herufi mbili, "ic", polepole ile ya pili ikaanguka, ikabaki i moja, na enzi hizo vitabu vyote viliandikwa kwa mkono, sasa kijiti kimoja kidogo hivyo kikikaa peke yake kinapotea, kinadhaniwa ni sehemu ya neno la jirani au alama ya wino tu, kwa hivyo waandishi wakakirefusha ili kionekane. Haikuwa majivuno, ilikuwa wasipotee. Tangu siku hiyo nikikuta i ndogo kwa daftari sizungushii, naandika tu pembeni "imepotea", na mtoto anaenda kuitafuta.

Zile sheria zingine siwezi kuzimaliza hapa ila niseme ziko zingine ambazo hata mtu mzima zinamchenga, na kumnyima mtoto wa Gredi ya Tatu maksi kwa hizo ni ukatili. "I live in Eastlands" inasimama lakini "the sun rises in the east" inaketi. "Kenyatta National Hospital" yote inasimama lakini "my mother is in hospital" haisimami. "I love my mum" ndogo, "I love you, Mum" kubwa, kwa sababu hapo umemwita kama jina. Siku na miezi zinasimama lakini "rainy season" haisimami. English na Kiswahili zinasimama lakini mathematics na science zinaketi, ilhali kwa ratiba iliyobandikwa ukutani zote zimesimama na mtoto anaiona kila siku! Na watoto wangu wengi huandika "Ugali" na "Chapati" kwa herufi kubwa katikati ya sentensi ya Kiingereza, niliwauliza kwa nini, wakaniambia ni kwa sababu ni za Kiswahili, ni wageni humo ndani. Hiyo ni akili, si ujinga. Unamweleza mgeni hasimami mpaka awe na jina lake mwenyewe, mnaendelea.

Nina watoto pia ambao wikendi wanaenda madrasa. Hawa huwa natamani mwalimu kila mmoja akae nao kidogo kabla hajainua kalamu. Kiarabu hakina herufi kubwa na ndogo, hakuna kabisa, jina la mtu linaandikwa sawa na jina la kiti, na kinaandikwa kutoka kulia. Mtoto wa miaka saba Jumapili anasoma hivyo na anasifiwa, Jumatatu anakuja kwangu anaandika "ali and fatma" na anaambiwa hana adabu na majina ya watu. Wazee wetu wa pwani waliandika Kiswahili kwa hizo hizo herufi za Kiarabu karne nzima nzima, tenzi za beti mamia, majina ya mitume na malaika yamejaa humo, na hakuna herufi kubwa hata moja, na walielewana vizuri sana. Mimi sisemi tuache kufunza kapitali leta, Kiingereza kinazitaka na huyu mtoto kesho ataandika barua ya kuomba kazi na mtu atamhukumu kwa hizo, najua. Nasema mtoto aambiwe ukweli kwamba hii ni desturi ya lugha hii, vile mgeni akiingia kwa watu anavua viatu mlangoni, kwingine havui. Mtu aliyesahau kuvua viatu unamkumbusha, haumwiti mzito.

Na hapa niongeze neno kwa walimu wenzangu wa Kiswahili, na ninyi wa Kiingereza, tunaogawana watoto. Kwa madarasa makubwa kuna mmoja anaingia na somo la Kiingereza, akitoka mwenzake anaingia na la Kiswahili, na hawajawahi kukaa chini wakaongea. Ilhali hizi sheria karibu zote ni moja! Mwanzo wa sentensi, majina ya watu, mahali, siku, miezi, majina ya lugha, Mkenya na Mtanzania, zote zinasimama kwa Kiswahili vilevile. Mtoto akishashika Jumatatu ameshashika Monday. Sana sana anachohitaji kufunzwa upya ni ile "I" na yale machache niliyotaja. Lakini anafunzwa mara mbili kama vitu viwili na anaadhibiwa mara mbili.

Kuhusu maksi. Najua watanijibu kwamba bila kukata maksi mtoto hatakuwa makini. Mimi pia niliamini hivyo miaka yangu ya mwanzo, nilikuwa na hiyo kalamu, na kuna watoto niliowazungushia ambao sasa ni watu wazima na natamani ningewapata niwaombe msamaha. Tulikuwa tumeshikwa na KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, insha ilikuwa na maksi 40 na kila mtu alikuwa anaanza kuitayarisha tangu Darasa la Kwanza, hofu ilikuwa inashuka ngazi moja moja mpaka inafika kwa mtoto ambaye bado meno ya mbele hayajaota. Lakini KCPE ya mwisho ilifanywa 2023, imeisha, hiyo hofu tumeibakisha ya nini? Siku hizi kwa insha nachagua kitu kimoja tu. Wiki hii naangalia majina ya watu, basi, mengine yote nayaona lakini nayaacha yapite. Wiki ijayo mwanzo wa sentensi. Mzazi mmoja alikuja juu amekasirika ati naacha makosa bila kusahihisha, nikamkalisha nikamwonyesha daftari la mwanzo wa mwaka na la sasa, akanyamaza, baadaye akaniuliza afanye nini nyumbani.

Nilichomwambia ndicho nawaambia wote. Mtume mtoto dukani na karatasi, lakini yeye ndiye aiandike, ataje majina ya vitu vyenyewe vile yalivyo kwa pakiti, aone ni gani linasimama na gani linaketi, unga ni unga lakini ile kampuni ina jina. Mwache aandike meseji kwa shangazi kwa simu yako lakini zima ile kitu inayoweka herufi kubwa yenyewe, manake simu ikimfanyia kila siku, siku ya penseli hatakuwa nayo. Na kama unamfunza jina kabla ya shule, mfunze yote mawili, la mlangoni kwa kubwa tupu na la daftari kwa herufi moja ndefu. Hiyo tu.

Yule kijana wangu wa "I am well" sasa niseme alifika wapi. Nilimwita wakati wa mapumziko nikamwambia sitaki uandike, nieleze tu ile ya Gikomba. Akaanza kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili, akachanganya na Kiingereza, mimi naandika vile anasema, nikamsomea. Nikamuuliza, hapa nimeandika mjomba, lakini mtu asiyemjua atajuaje ni nani? Akanitajia jina. Akachukua penseli mwenyewe akaliandika juu ya neno langu, na herufi ya kwanza ilikuwa ndefu mpaka imegonga mstari wa juu. Sikumwambia. Nikamuuliza na sokoni ni wapi, akaandika Gikomba, ikasimama. Ijumaa iliyopita aliniletea ukurasa mzima na nusu wa nyuma, kuhusu paka wa ploti yao aliyezaa ndani ya tangi kuukuu, nikahesabu makosa 14 ya herufi kubwa na ndogo na sikuzungushia hata moja. Shosho yake alinisimamisha langoni akaniuliza, "Mwalimu, huyu anamaliza madaftari mbio, ni sawa?" Nikamwambia, "Ni sawa kabisa Shosho, nunua lingine."

Sasa ombi langu kwako wewe Mhariri. Mimi hununua magazeti kuukuu, yale ya kufungia nyama, nayabeba darasani, kila watoto wawili ukurasa mmoja na penseli, wanazungushia kila herufi kubwa wanayoona alafu wananieleza inafanya nini hapo. Juzi walikuta Rais imesimama mstari wa juu na chini yake rais imeketi, wakabishana karibu kipindi kizima mpaka wakagundua wenyewe kwamba juu ilikuwa imefuatwa na jina la mtu na chini walikuwa wanaongea kuhusu kazi yenyewe. Niliwaambia pia kwamba Waingereza huita herufi kubwa za juu na ndogo za chini kwa sababu wachapishaji wa zamani walikuwa wanapanga herufi za chuma kwa masanduku mawili, kubwa zinakaa sanduku la juu, ndogo la chini, na darasa zima likataka kuja kuona hayo masanduku kwenu. Masanduku najua hamna tena. Lakini ukurasa wa watoto mnaweza, hata nusu ukurasa, mara moja kwa wiki, wenye insha za watoto wenyewe, na vichwa vya habari hapo msiviandike kwa kubwa tupu, viandikeni vile mtoto anatakiwa kuandika darasani. Mkiuanzisha insha ya kwanza ninayo hapa, ni ya paka wa kwa tangi, na mwenyewe ameshakubali.

Mwalimu wa Gredi ya Tatu,
Umoja, Nairobi.